Mwandiko wa Bi Kalamu

Siku yenyewe ilianza vizuri, na hilo ndilo linaloudhi mpaka leo. Mtu angetegemea walau dalili, ndoto mbaya au kikombe kuvunjika. Hakuna. Shemeji yetu, mke wa kaka mkubwa, aliamka, akamchana binti yake nywele, wakazozana kidogo juu ya soksi iliyopotea mwenzake, akamfikisha shuleni, kisha akaenda zake kazini akiwa hana hili wala lile.

Shemeji ni mhazili wa chuo kimoja cha ufundi. Ofisi yake iko ghorofani, ina madirisha mawili, feni inayonung'unika na kabati la chuma ambalo mlango wake haujawahi kufunga sawasawa. Pembeni, juu ya meza yake yenyewe, palikuwa na printa. Usifikirie hizi ndogo za siku hizi. Ilikuwa printa ya leza, pana na nzito, weupe wake umeshageuka manjano kwa uzee, na ukiiwasha inakoroma kwanza ndipo ikubali kazi. Mhasibu wa chuo, jirani wa ukuta kwa ukuta na mtu asiyeweza kupita mahali bila kutania, aliibatiza jina la Bibi Harusi kwa sababu ilichukua muda mrefu kujiandaa.

Sifa ya printa hiyo ilikuwa vyeti. Karatasi za vyeti zilikuja zimeshapambwa, zina nembo na kila kitu, zimeachwa wazi mstari mmoja tu wa jina la mhitimu. Jina ndilo lilichapwa ofisini, na halikutoka kwa zile herufi za kompyuta zinazojulikana. Lilitoka kwa mwandiko wa mtu. Herufi zililala kidogo upande wa kulia, zimeshikana, mikia yake mirefu, kila moja imetulia mahali pake. Kila mwaka wazazi walikuwa wakiuliza ni nani huyo mwenye subira ya kuandika majina yote yale kwa mkono.

Jibu lilikuwa Bi Kalamu. Huyo ndiye aliyekuwa mhazili kabla ya shemeji, na jina hilo alipewa kwa haki, maana kwa miaka mingi vyeti vyote aliviandika yeye mwenyewe. Printa ilipoletwa, Mkuu wa chuo akamwomba aandike herufi zote kwenye karatasi safi, kubwa na ndogo, na tarakimu zake. Wataalamu wakazichukua, wakazigeuza kuwa fonti, wakaitia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu inayochomekwa nyuma ya printa. Bi Kalamu akaambiwa ahsante. Mwezi uliofuata akaambiwa akapumzike nyumbani. Hakugombana na mtu, alichukua mkoba wake akaondoka, na baada ya hapo hakukaa sana duniani.

Shemeji hakuwahi kumwona kwa macho. Alirithi kiti chake, mto wa kiti na printa. Alirithi pia kikaratasi kilichobandikwa ubavuni mwa printa, kimeandikwa kwa mwandiko uleule: "Ukijaribu herufi, andika jina langu tu." Chini yake lilikuwa jina kamili la Bi Kalamu. Kila aliyegusa mashine ile alifuata agizo hilo bila kuuliza, kama watu wanavyofuata mambo ya ofisini ambayo hakuna anayejua yalianzaje. Ukibadilisha wino wa unga, unajaribu kwa jina la Bi Kalamu. Karatasi ikikwama, ukiitoa, jina la Bi Kalamu.

Sasa, shemeji yetu ana ugonjwa wa usafi. Ukienda kwake ukaacha kikombe mezani, kabla hujageuka kimeshaoshwa. Siku hiyo, ndani ya wiki ya mahafali, aliamua ofisi ing'ae, na kikaratasi kile kilikuwa kimepauka, pembe zimekunjamana, gundi imenasa vumbi. Halafu kubandika jina la marehemu kwenye mashine, alijisemea, ni kumsumbua bure huko aliko. Akakibandua, akafuta gundi kwa spiriti na kukitupa. Aliridhika sana na kazi yake.

Siku hiyohiyo fundi alikuja kuihudumia printa. Alisafisha, akabadilisha roli moja iliyochakaa, na mwisho akairudisha kwenye setingi za kiwandani, maana ndiyo kawaida yao. Alipoondoka shemeji akajaribu cheti kimoja. Jina likatoka kwa herufi nyembamba, kavu, zimesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema kwa upole wake wa kuogopesha kwamba mahafali ni Ijumaa, na anataka majina kama ya miaka yote.

Ilibidi shemeji aingie mwenyewe kwenye menyu. Ile programu ya vyeti ilikuwa ya zamani, inatuma majina matupu bila kusema yachapwe kwa fonti gani, kwa hiyo printa inatumia fonti iliyochaguliwa kwenye kiskrini chake. Fundi hakuwa amefuta kitu kwenye kadi. Printa ilikuwa imesahau tu ianze na fonti ipi. Shemeji akabonyeza mishale, chini, chini tena, akafika palipoandikwa fonti, akaagiza printa ichape orodha ya zote ilizo nazo.

Orodha ikatoka. Kila fonti ilikuwa na namba, jina lake, na mfano wa herufi zake, a be che mpaka mwisho. Zote hivyo, isipokuwa ya mwisho kabisa. Hiyo ilikuwa na namba peke yake, haina jina, na mahali pa mfano palikuwa na maneno mawili kwa mwandiko uliolala kulia: "Niite kwanza."

Shemeji alidhani ni sentensi aliyoichagua Bi Kalamu mwenyewe enzi zile. Akachagua namba hiyo, akapanga ukubwa wa herufi, akahifadhi. Kilichobaki kilikuwa kujaribu. Akaweka vidole kwenye kibodi, na kwa kuwa kikaratasi hakikuwapo tena kumkumbusha, vidole vikaandika vyenyewe kile ambacho mama yeyote angeandika. Akaandika jina la binti yake.

Printa ilikoroma kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha ikatoa karatasi moja, ya moto kama zinavyotoka zote, na katikati yake lilikuwa jina la mtoto, zuri ajabu. Shemeji alitabasamu. Akaikunja na kuitia mkobani.

Huyo binti sisi tunamwita Kidoti kwa sababu ya doa dogo lililo kidevuni. Alikuwa darasa la kwanza, mwerevu wa kila kitu isipokuwa kuandika. Herufi zake zilikuwa zinaanguka, nyingine zinapanda juu ya mstari, na ile ya kwanza ya jina lake aliigeuza kila siku, inatazama kule isikopaswa kutazama. Mwalimu alikuwa ameshachoka kumsahihisha. Baba yake, ambaye ni dereva wa malori na mara nyingi yuko safarini, alikuwa akitania kwamba mtoto huyo atakuwa daktari.

Jioni alipopewa karatasi yake Kidoti aliipokea kwa mkono wa kulia, akaishika, akakunja uso kidogo.

"Mama, bado ina moto."

Ilikuwa imeshinda mkobani tangu mchana. Shemeji alisema labda ni jua la njiani, na akaenda jikoni.

Alipotoka jikoni, mtoto alikuwa ameinama juu ya daftari. Mgongo umenyooka, kiwiko kimetulia mezani, kalamu inatembea. Shemeji akachungulia. Sentensi za mwalimu zilikuwa zimenakiliwa zote, zimelala kulia, mikia mirefu. Herufi ya kwanza ya jina ilikuwa inatazama panapostahili. Niseme ukweli, shemeji hakuogopa. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, akapiga picha, akamtumia kaka safarini. Kaka akajibu akiuliza amemlipa nani.

Kesho yake asubuhi alichapa vyeti rundo la kwanza. Jina moja alilikosea, akalichapa mara ya pili. Mchana akapigiwa simu kutoka shuleni, na sauti ya mwalimu haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu asiyejua ashike lipi. Alimwomba tu mama aje aone.

Lilikuwa daftari la hesabu. Watoto walikuwa wameambiwa waandike namba, na Kidoti alikuwa amejaza kurasa nzima kwa majina ya watu. Majina marefu, ya watu wazima, ambayo mtoto wa darasa la kwanza hawezi hata kuyasoma. Mwalimu akauliza kama hao ni ndugu zao. Shemeji akapitisha kidole kutoka juu kwenda chini. Yalikuwa majina ya wahitimu. Aliyoyachapa asubuhi ile, kwa mpangilio uleule. Na lile jina alilolikosea lilikuwapo mara mbili, mara ya kwanza na kosa lake, mara ya pili limenyooka.

Akaushika mkono wa mtoto. Ulikuwa wa baridi. Chini ya kucha kulikuwa na weusi, weusi ule anaoujua yeye, wa wino wa unga, usiotoka kwa maji. Na ubavuni mwa kidole cha kati, pale kalamu inapoegemea, palikuwa na sugu, ngumu na ya manjano. Sugu ile haiji kwa mtoto. Inakuja kwa mtu aliyeshika kalamu maisha yake yote.

Njiani Kidoti hakuruka madimbwi kama kawaida yake. Alitembea taratibu, akasema mkono umechoka.

"Upumzishe, mwanangu."

"Bibi anasema bado."

"Bibi gani?"

"Wa ndani ya mkono."

Shemeji akachuchumaa, akampa mgongo. Alimbeba mpaka nyumbani, akamkanda mkono kwa maji ya moto, akaufunga kwa kitambaa cha sufu. Maji yakapoa, mkono haukupata joto. Usiku ule hakulala, alikaa kitandani ameushika mkono ule kwa mikono yake miwili, roho juu, akisubiri pakuche.

Kulipokucha alimpeleka mtoto zahanati. Muuguzi akapima joto, akapima damu, akatazama mkono kwa muda mrefu, akasema hajaona kitu, arudi wiki ijayo. Basi shemeji akamwacha Kidoti shuleni kwa mwalimu, akamsihi mtoto asipewe kalamu, akakimbilia ofisini kumtafuta Mhasibu, mtu wa pekee pale, ukimwacha Mkuu, aliyefanya kazi na Bi Kalamu.

Mhasibu alianza kwa mzaha, akauliza kama Bibi Harusi amekataa tena kutoka chumbani. Shemeji akamweleza. Alipofika kwenye kikaratasi alichokitupa, yule bwana aliweka kalamu yake chini. Halafu akasimulia kwa sauti ya chini, macho kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vyao.

Siku ya mwisho Bi Kalamu alikuja kumuaga. Alimwonyesha mkono wake wa kulia, ulikuwa unatetemeka na hauwezi tena kushika kitu. Akasema mkono wake wameubakiza humu, ndani ya mashine, na yeye anakwenda na nyama tu. Akasema mkono uliotengwa na mwenyewe lazima uitwe kwa jina la mwenyewe kila unapoamshwa, la sivyo utamshika yule ambaye utaitwa kwa jina lake. Mhasibu alidhani ni uchungu wa kuachishwa kazi. Lakini kikaratasi kile, alichokiandika Bi Kalamu kabla mkono haujamwishia, ni yeye Mhasibu aliyekibandika, kwa ombi la huyo mama.

"Uliuamsha kwa jina la nani, dada?" akanong'ona.

Shemeji alikuwa ameshafika mlangoni. Alirudi ofisini kwake akaizima printa na kuchomoa waya. Mkuu alipoulizia vyeti vilivyobaki, alidanganya kwamba mashine imepata moto, inapumzika. Halafu akakosa utulivu. Alikaa, akasimama, akafungua kabati, akalifunga, likafunguka. Akaona hapana, akachukua mkoba na kwenda kumtoa mtoto shuleni kabla ya muda.

Alimkuta Kidoti amekaa peke yake kwenye benchi, macho yanasinzia. Baridi ilikuwa imepanda, imepita kiwiko. Ngozi ya mkono ilikuwa imelegea, na mishipa imejitokeza juu ya kiganja kidogo kile. Akambeba mgongoni, akakata shauri kurudi chuoni na kuing'oa ile kadi hata kama atafukuzwa kazi.

Walifika mlango wa chuo. Wakaanza ngazi. Mtoto alikuwa amelaza kichwa begani mwake.

Ndipo shemeji akahisi kidole shingoni. Kidole cha baridi. Kinakwenda taratibu, juu, chini, kinazunguka, kinavuta mkia mrefu. Kinaandika. Kikamaliza, kikanyanyuka. Kikaanza tena.

Akasimama. Akasikiliza. Juu, nyuma ya mlango wake, printa ilikuwa inakoroma.

Alipanda zilizobaki akikimbia. Kila karatasi iliyotoka kule ndani, kidole kiliandika jina jingine shingoni mwake, na kila jina lilikuwa la baridi kuliko lililotangulia. Akausukuma mlango kwa bega. Mkuu alikuwa amesimama pale, mikono ya shati imekunjwa, anapokea vyeti kimoja kimoja na kuvipuliza. Waya alikuwa ameuchomeka mwenyewe, akafurahi kugundua kwamba mashine haina tatizo lolote.

Shemeji akaung'oa waya ukutani. Printa ikanyamaza, na mgongoni kidole kikasimama katikati ya herufi.

Mkuu akauliza kulikoni. Shemeji alimwambia mtoto anaumwa, na kwamba karatasi zinatoka na michirizi, ampe nafasi arekebishe, zilizobaki atazimaliza yeye mchana huohuo. Mkuu akatazama vyeti vyake, hakuona michirizi, akamtazama mtoto, akaona kitu ambacho hakikumfurahisha kukitazama. Akasema anakwenda kula.

Shemeji alimlaza Kidoti kwenye kile kiti chenye mto. Akapapasa nyuma ya printa, akaishika kadi. Hapo mtoto akatoa sauti, ndogo sana, kama ya mtu aliyekanyagwa kidole, na midomo ikaanza kuwa ya bluu. Shemeji akaiachia kadi. Midomo ikarudi rangi. Alielewa. Mkono ulikuwa ndani ya kadi na ndani ya mtoto, vyote viwili, na kuvunja kimoja ni kuvunja na cha pili.

Akachomeka waya. Akaamua kurudisha mambo yalivyokuwa. Akaingia kwenye menyu, chini, chini tena, fonti, namba ile ya mwisho, hifadhi. Akaandika jina kamili la Bi Kalamu. Akachapa.

Karatasi ikatoka nyeupe.

Akaigeuza. Nyeupe. Ilikuwa ya moto, imepita kote inakopita karatasi, na haikuwa na hata nukta. Akachapa tena. Nyeupe tena. Akaagiza orodha ya fonti. Zote zilikuwa mahali pake, na majina yake, na mifano yake. Akatupa macho chini kabisa. Maneno yalikuwa yamebadilika.

"Nimepata mkono mdogo. Niacheni."

Akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, na mlango wa kabati ukafunguka taratibu juu ya kichwa chake. Mtoto alikuwa akipumua kwa shida. Baridi imefika begani, na baada ya bega kuna nini, kila mtu anajua.

Mkono ulikuwa umeonja mwili hai, jina la marehemu haliutoshi tena; lazima litajwe jina jingine, la mtu aliye hai. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la Mkuu. Nani angemlaumu? Mkuu ndiye aliyeuchukua mkono ule, Mkuu ndiye aliyesema ahsante. Shemeji alinyanyuka, akaandika jina la Mkuu lote, na cheo chake, na kidole kikakaa juu ya kitufe. Alitaka kubonyeza. Mwenyewe anakiri alitaka sana. Lakini akaufikiria mkono ule ukiwa kwa mtu anayekwenda zake nyumbani kila jioni, mtu ambaye yeye hamwoni anafanya nini, na ambaye leo yupo kesho amehamishwa. Kama lazima ukae kwa mtu, bora ukae mahali anapouona.

Akafuta. Akaandika jina lake mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, akitafuta herufi moja moja. Akabonyeza.

Printa haikukoroma. Ilitoa karatasi papo hapo, kana kwamba ilikuwa imeshaiandaa. Jina lake, zuri ajabu.

Kitu kikamshika vidole vya kulia. Kikapanda kama mtu anayevaa glovu iliyotoka kwenye maji ya barafu, kinajivuta, kinajiweka sawa kwenye kila kiungo. Kikafika kifundo. Kikatulia. Shemeji aliuma kitambaa asipige kelele.

Nyuma yake sauti ikasema, "Mama, nina njaa."

Kidoti alikuwa ameketi, anafikicha macho kwa kiganja cha kulia, kidogo, chenye joto, kimejaa vumbi la shuleni. Shemeji alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika anabanwa. Sugu haikuwapo tena kwenye kidole kile. Alijua iko wapi, hakuhitaji kuangalia.

Vyeti vilivyobaki alivimaliza mchana ule, na kila jina lilipotoka lilimpita vidoleni. Ijumaa mahafali yalifana. Wazazi waliuliza tena ni nani huyo mwenye subira, na Mkuu akacheka, akasema ni siri ya ofisi. Jioni, watu wote walipoondoka, shemeji aliing'oa kadi, akaitwanga kwa nyundo ya fundi wa chuo mpaka ikawa unga, akaumwaga ule unga chooni akavuta maji. Yeye ilimuuma sana, lakini mwili wake wa mtu mzima ulihimili. Mtoto, aliyekuwa akicheza uani, hata hakugeuka. Printa yenyewe iliwekwa stoo, haina kadi, haina waya, na baadaye chuo kikanunua nyingine.

Tangu hapo shemeji anavaa mikono mirefu hata kwenye joto. Mkono wake wa kulia ni wa mwanamke mzee. Anapika kwa kushoto, anasalimia kwa kushoto, na wanaomwona hana adabu anawaacha wamwone hivyo. Benki walimkatalia saini yake, wakasema ni nzuri mno, wakamtaka aanze upya. Kaka aliporudi safari akaelezwa yote, aliushika mkono ule, akaushikilia muda mrefu, na tangu siku hiyo anaomba safari fupifupi tu.

Na Kidoti? Kidoti alirudi kuandika vibaya. Herufi zinaanguka, zinapanda, na ile ya kwanza ya jina lake imegeuka tena inatazama kule kwake. Siku mwalimu alipolirudisha daftari limejaa wino mwekundu, shemeji alilibusu. Tulimcheka, sisi ambao hatukujua.

Tungeishia hapo, tukasema yameisha.

Wiki iliyopita shemeji aliamka asubuhi, akaenda sebuleni kufungua mapazia. Juu ya meza palikuwa na karatasi nyeupe, imewekwa sawasawa na ukingo wa meza, kama wanavyoziweka watu wa ofisini. Nyumba ile haina printa. Haijawahi kuwa nayo. Kaka alikuwa hajaamka, na mtoto vilevile.

Ilikuwa imejaa jina moja, la Kidoti, limerudiwa mstari kwa mstari. Mistari ya juu ililala kulia na mikia mirefu. Chini kidogo mikia ilikuwa imekatwa. Chini zaidi herufi zilianza kunenepa, kupinda, kuachana mikono. Mstari wa mwisho ulikuwa unaanguka kabisa, na herufi ya kwanza ilikuwa imegeuzwa, inatazama isikopaswa.

Alituita. Tulipofika alikuwa ameliweka daftari la mtoto kando ya ile karatasi. Tulitazama huku, tukatazama kule. Kaka, anayemjua mtoto wake kuliko sisi sote, alishindwa kusema mwandiko upi ni wa mtoto.

"Mkono unajifunza," shemeji akanong'ona, mkono wa kulia ameukalia. "Unajifunza kuwa yeye."

Kaka akaichukua karatasi ili aichane, na papo hapo akaiachia ikaanguka sakafuni. Ilikuwa bado ya moto.